Bawaba, skrubu au gundi? Kufunga maganda ya miguu ya ndege ya kujijengea ukiwa Mtwara au Lindi

Chukua mguu mtupu wa chuma unaobeba gurudumu la ndege, unene wake sentimita 3 na urefu sentimita 70. Upitishe hewani kwa mwendo wa kilomita 250 kwa saa na hewa itauvuta nyuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 7. Miguu ni miwili, kwa hiyo kilo 14, na kwa mwendo huo injini inatumia karibu nguvu za farasi 13 kusukuma vyuma hivyo viwili tu. Chuma cha mviringo ni kibaya hewani kwa sababu hewa ikishaupita upande wa mbele inashindwa kujifunga nyuma, inaacha msukosuko, na msukosuko huo ndio unaovuta. Uvike mguu ganda lenye umbo la samaki, nene mbele na jembamba nyuma, urefu wake mara tatu au nne ya unene, na mvuto unashuka hadi karibu sehemu ya kumi.

Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye kulifunga ganda lenyewe, na wanaojijengea ndege hukwama hapo kwa sababu kila njia ina watu wanaoiapia. Nyingi ya hoja zao zimetoka kwenye mabanda makavu ya Marekani na Ulaya. Sisi tuna chumvi ya bahari kuanzia Msimbati hadi Kilwa, tuna vumbi jekundu la uwanda wa Makonde, na kila mwaka kuanzia Mei tuna salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kupambana na ubwiri unga. Hayo matatu yanabadilisha hesabu.

Njia ninazolinganisha ni tatu: bawaba ndefu yenye pini, skrubu na nati za kudumu, na gundi ya epoksi. Tepu nitaigusa mwishoni, maana watu huiulizia.

Vigezo

Cha kwanza ni kufunguka. Ndani ya ganda kuna mguu unaobeba ndege nzima, na mara nyingi kuna bomba la breki. Vyote viwili vinatakiwa kuonekana kwa macho kwenye kila ukaguzi, na kila ndege inapotua kwa kishindo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza njia ipi inashika zaidi, uliza itafunguka vipi baada ya msimu mmoja wa huku kwetu.

Cha pili ni kukaa sawa: ganda likishanyooshwa, je, litabaki hivyo? Cha tatu ni kuvumilia chumvi, salfa, vumbi na jua. Cha nne ni vifaa na mikono, yaani unaweza kuifanya kazi hapa bila kusubiri mzigo kutoka ng'ambo? Cha tano ni namna inavyoharibika. Kuna kitu kinachotoa dalili kabla ya kuachia, na kuna kingine kinachoachia ghafla angani, ganda linapeperuka na kugonga mkia.

Uzito sijauweka kwenye vigezo. Tofauti kati ya njia hizi ni gramu, na ukivaa viatu vizito siku hiyo umeshazirudisha zote.

Kwanza, mguu wako ni wa aina gani?

Ukiruka swali hili, ulinganisho wote unapotea.

Kuna miguu ya fimbo ya chuma, kama ya RV-7 na RV-9, ndege za seti za kampuni ya Marekani ya Van's Aircraft. Inapotua, fimbo inapinda kurudi nyuma na kutanuka nje, kisha inarudi. Kitu chochote kigumu kilichogandishwa kwenye urefu wake wote kitalazimika kupinda nayo, na ganda la faiba halipendi kupinda hivyo. Kuna miguu ya bamba la springi, la chuma au alumini, ambayo nayo inapinda sana lakini ina uso mpana wa kushikia. Halafu kuna miguu ya faiba yenyewe, kama ya Long-EZ aliyoibuni Burt Rutan, ambapo mguu na ganda vyote ni nyuzi za kioo na epoksi, na vinakubaliana.

Kama mchoro wa ndege yako unaelekeza njia moja, anza na hiyo. Ukitaka kuiacha, ongea na aliyeubuni, na uhakikishe badiliko limeandikwa kwenye kumbukumbu za ndege kabla mkaguzi wa TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, hajakuuliza.

Kunyoosha ni kazi ya njia zote

Nalieleza hili hapa kwa sababu watu hulaumu bawaba au skrubu wakati kosa lilikuwa la uzi na timazi.

Inua ndege kwa jeki hadi magurudumu yaachie sakafu, na uiweke katika mkao wa kuruka kwa pima maji. Miguu lazima ining'inie bila mzigo, kwa maana angani haina mzigo. Ukinyoosha ganda ndege ikiwa imesimama kwa miguu yake, utalinyoosha kwa ajili ya banda tu, ikipaa mguu unalegea na ganda linageuka nao. Dondosha timazi kutoka katikati ya pua na katikati ya mkia, piga mstari wa chaki sakafuni kuunganisha alama hizo mbili, huo ndio mhimili wako. Kisha dondosha timazi kutoka ukingo wa mbele wa ganda na kutoka ukingo wa nyuma, kwa kimo kilekile cha mguu, na upime umbali wa kila alama hadi kwenye mhimili. Ziwe sawa. Rudia karibu na juu na karibu na chini, maana ganda laini linaweza kunyooka katikati na kujisokota kwenye ncha.

Kwa ganda lenye upana wa sentimita 12 kutoka mbele hadi nyuma, kosa la milimita 2 ni karibu nyuzi 1. Yaonekana dogo. Kwa makadirio yangu, nyuzi hiyo moja kwenye mguu wa urefu niliotaja, kwa mwendo uleule, inatoa msukumo wa pembeni wa karibu kilo 2. Rubani ataona kigoli cha usawa, kile kijipira cha kwenye dashibodi kinachoonyesha kama ndege inateleza pembeni, hakikai katikati, atakanyaga pedali safari nzima, na atakuja kumlaumu aliyefunga bawa.

Fanya kazi hii alfajiri kabla upepo wa bahari haujaamka, ama ufunge milango ya banda. Timazi inayoyumba haina maana yoyote, na kipindi cha kusi huwezi kuipima saa nane mchana pale uwanjani.

Njia ya kwanza: bawaba ndefu na pini

Ganda linakuwa limepasuliwa kwenye ukingo wa nyuma. Nusu moja ya bawaba inapigwa ribiti ndani ya ubavu wa kulia, nusu nyingine ubavu wa kushoto, meno yanaingiliana, na pini moja ndefu inapita katikati kutoka juu hadi chini. Unalivisha ganda kwenye mguu, unabana kingo mbili kwa vidole, unasukuma pini. Karibu na juu kunakuwa na klipu ya hosi iliyobana mguu, yenye kibamba kidogo cha alumini kinachoshika ganda lisishuke wala kuzunguka.

Kwa kufunguka, hii ndiyo njia nyepesi, mradi iwe safi. Hilo "mradi" ndilo la kuliangalia. Bawaba ya mguu iliyokaa msimu wa salfa bila kuoshwa huonekana hivi: kwenye kila jino kuna ukoko wa njano uliochanganyika na vumbi jekundu, umekuwa mgumu kwa unyevu wa usiku, na chini yake alumini imetoa unga mweupe mahali pini inapogusa. Pini inatoka sentimita kumi, inakwama. Ukiivuta kwa koleo inapinda. Hapo fundi mwenye haraka anachukua nyundo, na meno mawili yanakatika.

Dawa yake ni rahisi. Osha kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kila safari ya pwani au ya karibu na mashamba, kausha, vuta pini nje, ipake nta ya mshumaa, irudishe. Usitumie oili wala grisi, kwa kuwa vinashika vumbi na kuligeuza kuwa msasa. Ncha ya pini inolewe iwe kama risasi, isiwe bapa, ili isijikwae kwenye kila jino.

Kwa kukaa sawa, bawaba ndefu ina faida kubwa: inalazimisha ukingo wa nyuma uwe mstari mmoja ulionyooka. Sharti ipigwe ribiti ikiwa imenyooka. Bana ganda kati ya vipande viwili vya mbao zilizorandwa kabla hujatoboa tundu hata moja. Bawaba hairekebishiki ikishapigwa imejisokota, utakuwa umelihifadhi kosa hilo kwa miaka yote ya ndege. Na kumbuka bawaba hailizuii ganda lisizunguke kwenye fimbo. Kazi hiyo ni ya klipu na kibamba chake, pamoja na vifuniko vya maungio juu kwenye bodi na chini kwenye kiatu cha gurudumu, yaani kifuniko kinachovikwa gurudumu lenyewe. Klipu ikilegea, ganda lililonyooshwa vizuri kabisa linaanza kutafuta mkao wake lenyewe.

Kuhusu chumvi: pini ya chuma cha pua ndani ya alumini, penye maji ya bahari, ni betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Nta inasaidia kwa sababu inatenganisha. Vaa pia tepu laini ya plastiki kwenye mguu mahali ganda linapogusa, kwa kuwa ganda linalosugua linakwangua rangi, chuma kinabaki wazi, kutu inaanza, na ufa wa mguu wa chuma hupenda kuanzia penye kutu.

Vifaa ni kikwazo. Bawaba ya ndege ni ya alumini maalumu, na zile za makabati zinazouzwa madukani ni chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa. Miezi michache ya pwani na zimeshakuwa nyekundu. Agiza pamoja na seti ya ndege, na uagize ziada. Upande wa mikono, mafundi bodi wengi wamezoea ribiti za kupopu. Kwenye faiba nyembamba ribiti ya kupopu inatanuka ndani ya tundu na kuipasua, usipoweka washa au usipoifanya ivutie upande wa chuma. Ribiti laini zilizobanwa polepole, na epoksi kidogo chini ya bawaba, ndizo zinazodumu.

Inaharibikaje? Kwa dalili. Jino moja linakatika, kisha la pili, na ukiangalia utaona. Hatari ya kweli ni pini kutambaa nje kwa mtetemo. Kunja ncha yake, uiwekee waya wa usalama, na uiweke kwenye orodha ya kuangalia kabla ya kuruka. Mwenye ndege anayeikagua mwenyewe mara kwa mara, na aliye tayari kuosha, atafurahi na bawaba. Asiyependa kuosha atafute njia nyingine.

Njia ya pili: skrubu na nati za kudumu

Hapa ubavu mmoja wa ukingo wa nyuma unakuwa na ulimi wa alumini au faiba unaoingia chini ya ubavu wa pili. Nati zinapigwa ribiti chini ya ulimi huo, zisizunguke, na skrubu zinapita kutoka nje. Wengine huongeza skrubu mbili au tatu juu na chini, zinazoshika vibamba vilivyofungwa kwenye mguu.

Kufunguka ni kwa bisibisi, na kunachukua muda kuliko pini iliyo safi. Hata hivyo, skrubu moja ikigoma haizuii zile nyingine, na iliyogoma inaweza kutobolewa kwa drili. Pini ikigoma, imegoma yote. Kwa mazingira yetu hiyo ni faida kubwa kuliko wanavyoihesabu watu wa nchi kavu. Adui hapa ni kichwa cha skrubu. Bisibisi iliyochakaa, skrubu ya msalaba, chumvi kidogo, na kichwa kinageuka duara. Nunua skrubu za chuma cha pua, tumia bisibisi ya kipimo chake, na uzibadilishe mara vichwa vinapoanza kuchakaa. Ni vitu vya bei ndogo.

Kwa kukaa sawa, skrubu zina jambo moja zuri na moja baya. Zuri: kabla ya kutoboa matundu ya mwisho unaweza kuacha mawili matatu yakiwa mapana kidogo, ukaruka, ukaona kigoli, ukarudi kusogeza ganda milimita moja, ndipo ukakaza na kutoboa yaliyobaki. Bawaba haikupi nafasi hiyo. Baya: ukingo wa nyuma unakuwa mnene zaidi, una mshono, na vichwa visipozama sawasawa unapoteza kidogo ya kile ulichokuja kukitafuta. Katikati ya skrubu na skrubu faiba inaweza pia kuvimba, ikiwa nafasi ni pana mno.

Chumvi na salfa haviingii kwa wingi kwenye uzi wa nati kama kwenye meno ya bawaba, kwa sababu kichwa kinaziba. Tone la nta au dawa ya kuzuia kugandana kwenye kila skrubu linatosha. Tatizo liko kwenye faiba yenyewe: tundu lililochongwa kuzamisha kichwa linazidi kupanuka kila unapofungua, hadi siku moja kichwa kinapita. Washa zilizochongwa kwa skrubu za kuzama huzuia hilo, zikiwekwa tangu mwanzo.

Kwa vifaa, hii ndiyo njia rafiki kwa fundi wa hapa. Skrubu za chuma cha pua zinatafutika kwa wauza vifaa vya boti, bisibisi kila mtu anayo, na fundi bodi wa kawaida anaelewa kazi akionyeshwa mara moja. Nati za ndege zenyewe utaagiza. Kuna wanaoweka nati za kawaida kwa gundi ndani ya faiba, lakini zikizunguka mara moja umekwisha, hutaifikia nati bila kukata.

Ikiharibika, inaharibika polepole. Skrubu moja inapotea, unaona tundu tupu. Mbili zikipotea zinazofuatana, ganda linaanza kupiga kelele. Rubani anayefanya ukaguzi wa kuzunguka ndege atalikuta chini kabla halijamkuta juu.

Inamfaa anayefungua mara chache kwa mwaka lakini anataka uhakika wa kufungua, na ambaye ndege yake inahudumiwa na mikono zaidi ya mmoja. Skrubu haihitaji siri za fundi aliyeifunga.

Njia ya tatu: gundi

Epoksi inachanganywa na nyuzi za pamba hadi iwe nzito, inapakwa, ganda linakaa, na baada ya siku moja ni kitu kimoja na mguu. Hakuna pini, hakuna vichwa, hakuna mshono. Hewani ni safi kuliko zote.

Kufunguka hakupo. Niliuliza fundi mmoja wa boti kule Msangamkuu, mtu mzima aliyeshughulika na faiba muda mrefu, kama angegandisha kitu ambacho ndani yake kuna bomba la breki. Akanitazama, akasema, "Bwana mdogo, ukiziba, umeziba." Kuangalia ndani ni kukata kwa msumeno wa diski, kisha kujenga upya. Kwa mguu wa chuma hilo ni tatizo zito, kwa kuwa kutu na ufa vinakuwa gizani. Kwa mguu wa faiba hali ni tofauti: hakuna kutu, na ganda la povu lililovikwa kioo nyuma ya mguu ni kazi ya kawaida kwenye ndege za aina ya Long-EZ. Hata hapo, bomba la breki lipitishwe kwenye mfereji wake ili liweze kuvutwa nje.

Kukaa sawa: likigandishwa likiwa limenyooka, limenyooka milele. Likigandishwa likiwa limepinda, ni milele pia. Hakuna njia inayodai uvumilivu wa timazi kuliko hii. Kwenye fimbo ya chuma inayopinda, ganda lililogandishwa mwanzo hadi mwisho litapasuka kwenye mstari wa gundi baada ya kutua kwa nguvu mara chache, na ufa huo utakaribisha maji ya mvua. Wapo wanaogandisha sehemu fupi ya juu tu na kuacha chini huru. Hilo ni afadhali, ila bado limefunika.

Jua nalo lina neno lake. Epoksi iliyokauka kwa joto la kawaida bila kupikwa inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na ganda la rangi nyeusi lililoegeshwa juani saa saba mchana Januari linafika huko bila shida. Paka nyeupe. Ndege za faiba hupakwa nyeupe kwa sababu hiyohiyo. Joto la breki linapanda pia kutoka chini: breki iliyotumika sana kwenye mbio za kutua hupeleka moto kwenye mguu wa faiba, na panahitajika ngao ya joto kati yake na gundi.

Vifaa: hapa kuna mtego. Rezini inayotumika sana kwenye boti za faiba ni poliesta, ile inayochanganywa na matone ya hadna. Kwa boti ni sawa. Kwa kazi hii haifai: haishiki chuma vizuri, haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kauka, na stairini iliyomo ndani inayeyusha povu la polistairini. Mtu anaimwaga kwenye povu jeupe na kulitazama likizama. Tafuta epoksi halisi, pima uwiano kwa mizani badala ya macho, na usifanye kazi siku ya mvua za masika wakati unyevu umejaa bandani.

Ikiharibika, haisemi. Gundi iliyoachia chini ya rangi nzuri inaonekana salama mpaka ugonge kwa sarafu na usikie sauti ya utupu. Fanya hivyo kila ukaguzi.

Inamfaa mwenye mguu wa faiba, anayeijua epoksi, na ambaye ndege yake inatumia lami zaidi kuliko changarawe.

Na tepu?

Tepu nzuri ya alumini, au velkro, inafaa bandani: kushikilia ganda unapopima, kujaribu vifuniko vya maungio, kuonyesha mtu mawazo yako. Kwa kuruka, hapana. Gundi ya tepu inalegea kwa joto la huku, na ganda linaloachia mguu mmoja linageuza ndege upande huo papo hapo.

Mambo mawili ambayo hayategemei njia

Toboa tundu la milimita 5 chini ya kila ganda. Maji ya mvua yanahitaji kutoka, na mafuta ya breki yanayovuja, ambayo yanashika moto, yasijikusanye mahali penye joto. Tundu hilo pia linakupa dalili: ukiona doa jekundu la mafuta pale chini, bomba linavuja kabla hujafungua chochote.

La pili ni kuhusu viatu vya magurudumu. Ukienda bara, viwanja vingi vidogo ni vya changarawe au nyasi, na wakati wa mvua tope linajaa kwenye kiatu na kukaa humo zito. Watu wengi huvua viatu msimu huo na kuacha maganda ya miguu. Hakikisha ganda lako linashikika lenyewe bila kiatu. Kama kifuniko cha maungio cha chini ndicho kilichokuwa kinalizuia lisizunguke, siku unayovua kiatu umelifungua ganda bila kujua. Ongeza kibamba cha pili chini.

Kwa hali yako

Mguu wa fimbo ya chuma, ndege inalala Mtwara karibu na bahari, wewe ndiye fundi na rubani: bawaba, ukikubali kuosha na kupaka nta. Kama unajijua huoshi hata pikipiki yako, chukua skrubu.

Mguu wa fimbo ya chuma, ndege inazunguka Nachingwea, Masasi na Newala kuanzia Mei hadi Agosti mikorosho ikipulizwa: ningeegemea skrubu, kwa sababu ya salfa. Wenye bawaba tayari hawana haja ya kubomoa, wavute pini kila wiki katika miezi hiyo na kuifuta.

Ndege ya watu wawili watatu walioshirikiana, inayohudumiwa na yeyote aliyepo: skrubu. Pini iliyorudishwa bila waya wa usalama na mtu ambaye hakuonyeshwa ni ajali iliyopangwa.

Mguu wa bamba la springi: skrubu au bawaba vyote vinakaa, na uso mpana wa bamba unakupa mahali pazuri pa vibamba. Angalia tu kwamba chini, karibu na ekseli, ganda lina nafasi ya kucheza bamba linapotanuka.

Mguu wa faiba, bomba la breki likiwa kwenye mfereji wake: gundi ina haki yake. Nyeupe, ngao ya joto, sarafu kila ukaguzi.

Hujaruka bado, ndege ni mpya, hujui kigoli kitakaa wapi: ruka safari za kwanza bila maganda kabisa. Ukishaijua tabia ya ndege ikiwa na miguu mitupu, funga ganda kwa skrubu chache zenye matundu mapana, ruka, linganisha kigoli na mwendo. Ikikaa sawa, ndipo uamue kama utabaki na skrubu au utaagiza bawaba. Mzigo wa kutoka ng'ambo utachukua muda wake, na wakati huo ndege inaendelea kuruka.